Ndege kwenye Jukwaa la Maziwa

Daktari alipomwambia baba kwamba macho yake yana presha, na kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi, baba hakuuliza habari za dawa. Tulitoka, tukakaa kwenye benchi nje ya chumba cha macho, mimi nimeshika kichupa cha matone, naye akaniuliza kama ile mashine yangu ya dukani inaweza kutengeneza ndege.

"Ndege gani, baba?"

"Ile ya vita. Nataka kuiona vizuri kabla sijawa kipofu."

Nilidhani anatania. Nilimwangalia usoni nikisubiri acheke, hakucheka. Akanyoosha mkono niweke kile kichupa, akakitia mfukoni kama kwamba mazungumzo yamekwisha na kazi imepatikana.

Nina duka Kayanga mjini. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, na kwenye kona nina printa ya 3D niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga mradi wake na kuhama. Watu wananiletea kitufe cha blenda kilichovunjika, gia ya mashine ya kumenya kahawa, mguu wa redio. Napima, nachora kwenye kompyuta, mashine inayeyusha uzi wa plastiki na kuulaza tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kinasimama. Ndiyo kazi yangu. Ndege sikuwahi kutengeneza hata ya kuchezea, sembuse ya kutupa mabomu. Sijui kwa nini nilikubali. Labda kwa sababu baba si mtu wa kuomba kitu. Anaweza kukaa mezani bila chumvi mpaka mtu mwingine aitake.

Habari za ndege hiyo tumekua nazo tangu utotoni. Mwaka wa vita vya Kagera baba alikuwa kijana, anachunga ng'ombe wa babu kwenye mbuga upande wa Mabira, mahali peupe pasipo hata kichaka cha kujificha. Ndege ya adui ikapita juu yao, chini sana anasema, ikielekea ziwani. Ng'ombe wakatawanyika. Kila alipotusimulia, alimalizia na dume moja lililopatikana kesho yake ndani ya mahindi ya mtu, limeshiba, halina habari na vita. Tulicheka, mama alicheka, tukaenda kulala. Hakuwahi kusema kwamba kuna kitu kimebaki.

Nilianza kwa kumhoji, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Baba ni mfugaji, na kila chenye umbo anakieleza kwa ng'ombe. Mabawa, alisema, yalirudi nyuma kama pembe za ng'ombe anayekimbia. Mgongoni, karibu na mkia, kulikuwa na mabomba mawili yamelala sambamba. Na tumbo lilikuwa bihogo. Bihogo ni rangi ya ng'ombe wetu, ule wekundu ulioiva, na mtu wa kwetu akikwambia bihogo hakuachii nafasi ya kubahatisha.

Nilitafuta picha mtandaoni nikapata ndege moja ya Kirusi yenye injini mbili juu ya mkia. Nikampelekea simu. Akaishika karibu na pua, akaizungusha.

"Yawezekana," alisema.

"Yawezekana au ndiyo?"

"Hii picha imepigwa kutoka juu. Mimi sikuwa juu."

Nikajiunga na kundi la mtandaoni la watu wanaounda ndege ndogo za kivita, watu wa nchi za mbali wenye muda mwingi. Nikawaeleza baba alichokiona. Mmoja akasema ndege ya aina hiyo ilikuwa hairuki chini, baba ameona nyingine. Wa pili akasema bila shaka ni yenyewe. Wa tatu akasema mchungaji wa ng'ombe kwa hofu aliyokuwa nayo asingeweza kuona injini ziko wapi, na huyo nilimjibu vibaya. Kisha wakaanza kubishana wao kwa wao kuhusu ribiti za kubania bati za bawa, zilikuwa zimejitokeza au zimelala, nikafunga simu. Kuhusu rangi tu walikubaliana wote. Tumbo lilikuwa la rangi ya fedha.

Nikamwambia baba kwamba dunia nzima haina ndege ya mabomu yenye tumbo la bihogo.

"Ulikuwepo?" aliuliza.

"Sikuwepo."

"Basi."

Niliagiza sanduku la vipande vya kuunganisha kutoka nje, lakini lilipofika nilikuta ni la ndege ndugu yake, si yenyewe. Mwili ulifaa. Mabawa hayakufaa, mkia haukufaa, magurudumu yalikuwa ya namna nyingine. Hivyo vyote nikavichora mwenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kazi, bawa linabaki nusu, na umeme ukirudi huwezi kuliunganisha tena, unaanza upya. Kwenye kabati la duka nilikuwa na rundo la nusu mabawa. Wateja waliuliza ni samaki gani wale.

Yaliyokamilika niliyasugua kwa msasa mpaka ile mistari ya tabaka ikapotea, nikaziba mashimo kwa puti ya kunyooshea magari, nikaenda kwa fundi rangi wa gereji ya jirani anipulizie praima. Aliuliza ndege inabeba abiria wangapi. Nikasema haibebi abiria. Akaacha kupuliza, akaniangalia, akaendelea.

Nilitengeneza chumba cha rubani chenye viti vyenye mikanda. Nilitengeneza bunduki ya mkiani, nyembamba kama sindano ya kushonea magunia. Nilitengeneza milango ya tumboni, ile inayofunguka mabomu yashuke, na nikaiwekea bawaba zinazofanya kazi. Halafu nikakwama. Milango inafunguka, ndani pana nafasi, ndani uweke nini? Nikachapa mabomu madogo kama punje za maharage. Nikayapanga. Nikayatoa. Sikupenda kuyaona mezani karibu na picha za pasipoti za watoto wa shule. Siku ya pili nikayarudisha, kwa sababu bila hayo ilikuwa ndege ya uongo, na baba hakuniomba ya uongo.

Na kitu kilichonichanganya zaidi ni kwamba niliipenda. Lazima niseme wazi. Nilikuwa nafungua duka mapema ili niikute. Mwili mrefu, mwembamba, mabawa yamelala nyuma, hakuna mahali jicho linakwama. Nilijua ilitengenezwa kwa ajili ya nini, hata hivyo nilikuwa nasimama mlangoni na chai yangu naiangalia.

Kabla ya rangi ya mwisho niliipeleka Nyakasimbi, nyumbani, baba aikague. Ilikuwa ndani ya katoni ya biskuti magotini mwangu juu ya bodaboda, na kila tulipofika kwenye makorongo nilimpiga dereva mgongoni apunguze mwendo. Baba alikuwa anaona tayari kwa shida, kama mtu anayechungulia ndani ya mrija. Katikati panaonekana, pembeni hakuna kitu. Akaona ncha ya bawa, kisha gurudumu, kisha kioo cha rubani, kimoja baada ya kingine.

"Ikikamilika utaiweka mbali kidogo," alisema. "Kule kwenye boma la ng'ombe. Hapo itaingia yote kwa pamoja."

"Baba, kwa nini unaitaka hivi? Si ilikuwa ya kuua watu?"

"Ilikuwa."

"Sasa?"

"Kuna kitu nataka kuhakikisha. Nikiiona nitajua."

Sikupata zaidi ya hapo. Mama alikuwa karibu anachambua maharage, akainua mabega kuniambia kwamba yeye pia hajui.

Niliimaliza Jumamosi. Niliipulizia fedha juu na chini, bihogo ya baba nikaiacha, nikapanda bodaboda ikiwa bado inanuka thina. Baba alikuwa amelala mapema, na tulikubaliana ataiona kesho yake mchana baada ya ibada, kwenye mwanga mzuri. Sasa niiweke wapi? Sebuleni kuna wajukuu. Chumba cha wageni kuku wanaingia kupitia dirisha bovu. Juu ya kabati kuna paka. Ndani ya nyumba ile kuna mahali pamoja tu ambapo mtoto, kuku na paka hawathubutu, napo ni jukwaa la maziwa la mama.

Nyumba ya mama ina bati na sementi kama nyumba nyingine, lakini kwenye chumba chake ametengenezewa jukwaa la mbao kama lile alilolikuta kwa bibi. Juu yake vinakaa vyanzi, vile vyombo vya mti vya kukamulia, na vibuyu vya mtindi na vifuniko vyake vya ukindu. Hakuna anayegusa pale na mikono michafu. Nilinawa mikono. Nikavisogeza vyanzi viwili, nikaiweka ndege katikati, magurudumu chini, pua ikielekea ukutani. Nilijiona nina akili.

Asubuhi nilikwenda kanisani na baba, nimemshika kiwiko. Mama alibaki kwa sababu mtamba mmoja alikuwa karibu kuzaa. Ibada ilikuwa ndefu na mimi sikusikia neno. Nilikuwa nafikiria niiweke juu ya nguzo ipi ya boma.

Tuliporudi nyumba nzima ilinuka moshi mtamu wa nyasi, ule unaofanya maziwa ya kwetu yawe na ladha yake. Sikushtuka, ni harufu ya kila asubuhi. Niliingia chumbani kwa mama. Ndege ilikuwa mahali pake, pua ukutani, imesafishwa vumbi. Mabawa yote mawili yalikuwa yameanguka, ncha zimegusa mbao, kama kuku aliyenyeshewa.

"Mama."

"Abee."

"Nani ameishika hii?"

"Nimeifukiza," alisema mama akiwa jikoni, kwa sauti ya mtu anayesubiri asante. "Ilinuka vibaya. Ingeharibu maziwa."

Akaja mlangoni akikausha mikono kwenye khanga. Akanieleza taratibu. Alivifukiza vyanzi kama kawaida, akachukua na ndege, akaishika juu ya chungu cha moshi, tumbo chini, akaihesabu kama chombo kingine. Tumbo lilichukua rangi kidogo, akasugua, haikutoka. Mabawa hakuyaona yakilegea. Aliyaona baadaye, akadhani ndivyo yanavyokunjwa ikiwa imepumzika.

"Mama, ile ni plastiki. Plastiki na moto vinapatana wapi?"

"Na wewe uliiweka pale ya nini? Kinachokaa pale kinakaa kimefukizwa. Unajua. Umekulia humu. Nikasema mwanangu ameniachia niimalizie."

Uzi ule wa plastiki, wanasema, unatokana na mahindi, na hata chai ya moto inaulegeza. Mimi nalijua hilo. Mama analijua jukwaa lake. Kila mmoja alijua lake barabara na ndege ikaharibika hivyo hivyo. Nilikuwa na hasira ya kupasuka, na sikujua niielekeze kwa nani, maana mama alikuwa amefanya jambo la heshima kabisa, na mimi pia.

Baba alikuwa amekaa uani, anasikia yote.

"Imeharibika?"

"Mabawa yamelegea, baba. Yananyooka. Nipe siku chache."

"Unaweza kuiona hivi hivi," mama alimwambia.

"Hapana," alisema baba. "Nataka kuiona ilivyokuwa. Nimesubiri tangu ujana, nitasubiri mpaka anyooshe."

Nikairudisha Kayanga. Nilijaribu maji ya moto kwenye karai. Bawa la kushoto likanyooka vizuri, nikafurahi, nikaacha lipoe, likajikunja upande mwingine. La kulia nilijaribu kwa draya ya saluni ya jirani, wanawake wenye rola vichwani wakisubiri zamu yao na kunishauri. Likapinda kama kijiko. Nikaamua kuchapa mapya. Uzi ukaisha katikati. Nikaagiza Mwanza, basi likaja bila mzigo, nikapiga simu, nikaambiwa umepita, nikaambiwa haujatoka. Nilimtukana mtu kwenye simu halafu nikampigia tena kumwomba radhi.

Mama akapiga akasema baba amemimina chai nje ya kikombe, na hakujua mpaka ikamfika mapajani. Hakuniambia nije. Alisema tu hivyo, akauliza kama nimekula. Siku iliyofuata akapiga tena.

"Anajua mlango uko wapi na dirisha liko wapi," alisema. "Kwa ule mwanga. Mimi hanioni."

Nilifunga duka kukiwa na mteja ndani. Sikumbuki nilimwambia nini. Niliitia ndege kwenye katoni na mabawa yake ya ovyo, moja juu, moja chini, nikaita bodaboda, na njia nzima nililia ndani ya helmeti ya yule dereva ambayo ilinuka nywele za watu wengine. Nilikuwa nimechelewa, na nilichelewa kwa sababu ya ukamilifu, na ukamilifu wenyewe haukupatikana.

Jua lilikuwa limeanza kushuka nilipofika. Baba alikuwa kwenye kigoda chake uani, uso umeelekea magharibi, kofia magotini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo. Haijanyooka."

Alinyoosha mikono yote miwili kama anavyopokea mtoto mchanga. Nikamwekea. Alianzia puani, akapita na kidole kwenye kioo cha rubani, mgongoni, akafika kwenye injini mbili juu ya mkia. Hapo alisimama. Akazishika kwa vidole viwili kila moja.

"Ni yenyewe," alisema.

Aligusa mabawa, akaguna. Akaigeuza, akaikuta milango ya tumboni, akaifungua kwa kucha. Mabomu yakamwagikia kiganjani. Akayahisi kwa kidole gumba.

"Haya ndiyo?"

"Ndiyo."

Mama alikuwa ameleta kigoda chake, amekaa karibu, anatikisa kibuyu mapajani. Baba aliyafumba yale mabomu ndani ya ngumi.

"Siku ile watu wa migombani wote walilala chini," alisema. "Niliwaona kule bondeni, wanalala mmoja mmoja. Mimi sikulala. Nilisimama nikapunga mkono."

Mama akaacha kukitikisa kibuyu.

"Ulidhani ni yetu," nilimwambia.

"Sikudhani chochote. Ilikuwa nzuri. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, mpaka leo, Mungu anisamehe. Nikapunga mkono kama mtoto. Jioni redio ikasema ilikokwenda na ilichokwenda kufanya." Akageuza uso upande wangu, akalikosa jicho langu kidogo. "Nikasema siku moja nitaiona tena, tena taratibu. Nikiiona ni mbaya, basi ni ujana ulinidanganya. Nikiiona bado ni nzuri, nitajua mimi ni mtu wa namna gani. Sasa macho ndiyo haya."

Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi. Kwamba nimesimama mlangoni na chai yangu siku nyingi. Sikujua kama hiyo ingekuwa faraja au kumwongezea mzigo, na wakati nafikiria mama alisema, "Ulikuwa kijana."

"Waliolala chini walikuwa vijana pia," alisema baba.

Ndama alilia bomani. Nikanyanyuka kuichukua ndege magotini kwake isije ikaanguka, nikapita mbele yake, na baba akashtuka, akarudisha kichwa nyuma.

"Umepita mbele ya jua."

"Ndiyo."

"Nimeona kitu kinapita." Akakaa wima. "Ipitishe hiyo. Ishike juu, uipitishe haraka. Ilitoka kule, ikaenda kule."

Mimi ni mwanamke mzima mwenye duka na kodi ya kulipa. Nilivua viatu. Nikaenda mpaka kwenye boma, nikageuka, nikaishika ndege kwa mkono mmoja juu ya kichwa, nikakimbia uani nikiwa kati ya baba na jua. Kuku wakaruka. Kivuli kikatangulia ardhini, kikapanda miguuni kwake, kikampita kifuani na usoni, na katika kivuli hakuna aliyeweza kujua bawa lipi limepinda. Mama alikuwa ameinua macho kuiangalia kutoka chini, ule mwanga wa jioni umeipiga pale aliposhindwa kusugua moshi.

"Tumbo ni bihogo," alisema mama.

Baba alikuwa ameinua mkono. Ulikuwa juu ya uso wake, kiganja wazi, vidole vimeachana, na mimi niliyekuwa karibu kuliko wote sikuweza kujua kama anapunga au anajikinga. Nilisimama kwenye migomba nikihema, nikamsubiri aushushe. Hakuushusha.

"Rudia," alisema.

Nikageuka, nikarudia.